"Lakini Kampuni Imesajiliwa": Dhana Zinazowatia Hasara Wanunuzi wa Ploti na Nyumba Mombasa

Sentensi ni ile ile, iwe imetoka kwa baharia mstaafu wa Likoni, mwalimu wa Kisauni au binti anayetuma pesa kutoka Doha: "Lakini kampuni imesajiliwa na serikali, cheti nilikiona kwa macho yangu." Kisha hutolewa risiti, kijitabu chenye picha ya minazi, na makubaliano ya kurasa mbili yasiyo na shahidi. Ploti haipo, au ipo lakini imeuziwa wengine watatu. Tuanze na hicho cheti, maana ndicho kinachochosha kuliko yote.

"Kampuni ya ushauri imesajiliwa, kwa hivyo ina kibali cha kunishauri"

Cheti cha kampuni kinathibitisha jambo moja tu: jina limeingia daftarini. Muuza mitumba wa Kongowea akijaza fomu eCitizen na kulipa ada, atakipata vilevile. PIN ya KRA ni nambari ya kulipia kodi. Leseni ya biashara ya kaunti ni ruhusa ya kufungua mlango wa ofisi Nyali au Moi Avenue. Katika vyote vitatu, hakuna aliyempima huyo mshauri anajua nini kuhusu ardhi, wala aliyemuuliza pesa za wateja anaziweka wapi.

Sasa uliza: nani Kenya hutoa leseni ya "mshauri wa uwekezaji wa nyumba na ardhi"? Hakuna. Cheo hicho hakina bodi, hakina mtihani, hakina daftari la kumfuta mtu akikosea. Wanaodhibitiwa ni wengine, kila mmoja kwa kipande chake. Wakala anayemkutanisha muuzaji na mnunuzi kwa malipo yuko chini ya Sheria ya Mawakala wa Mali Isiyohamishika, Sura ya 533, na kuifanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Bodi yao ni kosa la jinai. Mthamini ana sheria yake, Sura ya 532. Mpima ardhi yuko chini ya Sura ya 299. Wakili lazima awe na cheti cha kufanyia kazi cha mwaka huu, na ukiandika jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria utaona kama anacho.

Halafu ipo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo kweli hutoa leseni ya mshauri wa uwekezaji. Hapa ndipo watu hupigwa chenga. Leseni ile ni ya hisa, hatifungani na dhamana nyingine za namna hiyo. Haimpi mtu mamlaka yoyote ya kutabiri kwamba ploti ya Kikambala itapanda bei maradufu barabara ikipanuliwa. Ardhi inaingia kwenye mikono ya Mamlaka pale inapogeuzwa kuwa dhamana, kama zile hazina za uwekezaji wa majengo zilizowekewa kanuni 2013, na ya kwanza ikaingia Soko la Hisa la Nairobi 2015. Vilevile, kundi likikusanya pesa za watu wengi, likawaahidi faida itakayotokana na jasho la mwingine, Mamlaka ina haki ya kuuliza maswali. Ploti moja kwa mtu mmoja haimo humo.

Kwa hivyo iko chini ya udhibiti wa nani kampuni inayonunua ekari 10 Vipingo, ikazikata vipande na kukuuzia? Wakala si yeye, kwa sababu anauza chake. Dhamana hauzi. Mthamini pia si yeye. Kijana wake wa mauzo, mwenye suti na kadi iliyoandikwa "mshauri wa uwekezaji", analipwa kamisheni kila ukitia saini, na hakuna sheria inayomlazimu kukuambia kamisheni hiyo ni kiasi gani. Anachokupa ni mauzo yaliyovishwa kanzu ya ushauri. Tundu hili si la Kenya peke yake: huko Australia kamati ya bunge ililichunguza jambo hilo hilo 2005, baada ya watu kuumizwa na semina za kununua nyumba. Hapa kwetu muswada wa kudhibiti sekta hii ulipelekwa Seneti 2023. Wowote utakaopita, kama hautalazimisha mambo matatu, utakuwa karatasi tu: kutaja kamisheni kwa maandishi kabla ya saini, kuweka pesa za mnunuzi kwenye akaunti ambayo muuzaji hawezi kuigusa mpaka uhamisho usajiliwe, na kupiga marufuku neno "faida ya uhakika" kwenye matangazo. Kusajili majina peke yake hakutoshi. Mawakala wamekuwa wakisajiliwa tangu miaka ya themanini, na madalali wasiosajiliwa wangali wamejaa kila kona ya Mtwapa.

Kabla sheria haijaja, jilinde kwa maswali ya maandishi. WhatsApp inatosha, bora usiifute. Nani anakulipa kwa mauzo haya, na asilimia ngapi? Unauza mali yako au ya mwingine? Jina lililo kwenye hati ni la nani leo? Ukijiita wakala, nambari yako ya usajili ni ipi? Itake nambari ya mtu mwenyewe, si ya kampuni, kisha iulize Bodi. Mtu safi hujibu haya kwa dakika 10. Anayekujibu kwa "mbona huniamini, ndugu yangu?" ameshajibu.

Na pesa? Amana, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, huenda kwenye akaunti ya wateja ya wakili, aishike kwa niaba ya pande zote mbili mpaka masharti yatimizwe. Haiendi kwa dalali. Haiendi kwa paybill ya kampuni ili "kushikilia ofa ya wikendi". Ofa inayokufa Jumapili usiku haijakupa nafasi ya kwenda ofisi ya ardhi, ambayo hufunguliwa Jumatatu, na hilo ndilo lengo lake.

"Sachi imetoka safi, basi nimemaliza"

Sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ploti katika ofisi ya ardhi, inakuambia daftari linasema nini siku hiyo. Haikuambii daftari lilifikaje hapo. Wana-Mombasa ndio watu wa mwisho wanaopaswa kulisahau hili, kwa sababu kesi iliyolifafanua imetoka Nyali. Ploti ya ufukweni iligawiwa kwanza 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, ikauzwa, mwishowe ikafika kwa kampuni ya Dina Management. Kaunti ikadai kuwa ile ni ardhi ya umma, njia ya watu kwenda baharini. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu, na kwamba mnunuzi wa baadaye hakuweza kujificha nyuma ya hati yake hata kama alilipa bei kamili. Mzizi ukioza, tawi halina la kusema. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kilikuwa kimeshasema hivyo: hati inaweza kufutwa ikiwa ilipatikana kwa njia haramu, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi.

Basi fanya kazi yote. Omba nakala iliyothibitishwa ya daftari zima la ploti, tangu ingizo la kwanza, usikubali ukurasa wa juu peke yake. Soma tarehe: ploti iliyobadilisha wamiliki wanne kwa miezi minane ina kitu. Nenda Idara ya Upimaji uchukue ramani ya eneo, ulinganishe na mpango wa kaunti kuona kama kipande hicho kiliwahi kuwa njia, uwanja wa shule au nafasi wazi. Mchukue mpima ardhi wako mwenyewe (si wa kampuni) mkatafute mawe ya mpaka na kupima kutoka jiwe hadi jiwe. Waulize majirani nani hulima pale, na kama kuna kaburi au mnazi wa mtu. Sachi irudie tena asubuhi ya kukamilisha malipo, kwa sababu kati ya sachi ya kwanza na siku hiyo zuio la mahakama linaweza kuwa limeingia.

"Hati mama ipo, hati yangu itafuata"

Hati mama, yaani hati ya shamba zima kabla halijakatwa vipande, ni ya kampuni, na yaweza kuwa imewekwa rehani benki. Ardhi ya Kilifi na Kwale inayouzwa kwa vipande mara nyingi bado ni ya kilimo. Kuigawa na kuiuza kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Miezi sita ikipita bila ombi wala mahakama kuongeza muda, mauzo yanakuwa batili, nawe unabaki na haki ya kudai pesa zako kama deni la kawaida, kutoka kwa kampuni ambayo huenda haina kitu. Wanunuzi hulipa polepole kwa miezi 18 bila kuuliza hata siku moja ombi lilipelekwa lini. Uliza wiki ya kwanza, udai kuiona barua.

"Barua ya ugawaji ni sawa na hati, tena ni rahisi"

Barua hiyo, ya serikali ya kumgawia mtu kiwanja, ni rahisi kwa sababu si hati. Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilisema barua ya ugawaji ni ofa tu, na mwenye barua hana ardhi ya kumuuzia mwingine. Tupite.

"Fleti ya Nyali itanirudishia asilimia 12 kwa mwaka"

Asilimia hiyo huhesabiwa kwa kodi ya mwezi mzuri mara 12, gawanya kwa bei, basi. Chukua mfano wa fleti ya milioni 8 inayopangishwa kwa 45,000. Hata kwa hesabu yao wenyewe, 540,000 kwa milioni 8 ni asilimia 6.75. Sasa ongeza ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, yaani 320,000, pamoja na wakili na gharama nyingine, tuseme 180,000. Umetoa milioni 8.5. Mwezi mmoja nyumba ikikaa tupu, unapokea 495,000. KRA inachukua asilimia 7.5 ya pango lote kabla ya gharama, kiwango kilichoanza Januari 2024: 37,125. Ada ya huduma 6,000 kwa mwezi ni 72,000. Msimamizi kwa asilimia 8, 39,600. Ukarabati 40,000, na karibu na bahari hiyo ni kidogo: chumvi inakula eyakondishena na vyuma vya madirisha, maji ya kisima yanaziba heta na mifereji, na bowza la maji matamu ni la kununua. Unabaki na 306,275, asilimia 3.6. Waza kupangisha wageni wa siku chache ukitaka, lakini uhesabu Mei na Juni, wakati hoteli zenyewe hufunga vyumba.

Fleti isiyojengwa bado ina hatari nyingine tena: unamkopesha mjenzi bila riba. Dai ratiba ya malipo ifuate hatua za ujenzi zilizothibitishwa na msanifu, na makubaliano yataje wazi kuwa utapata hati ya sehemu yako chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo (Sectional Properties Act) ya 2020.

"Nimenunua nyumba Majengo, kwa hivyo kiwanja ni changu"

Huenda hukukinunua. Mombasa ina desturi ya nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vya mmoja, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Mshauri kutoka Nairobi hajui, au anajua na ananyamaza. Muulize muuzaji risiti za kodi ya kiwanja, za nani, na za mpaka mwezi gani. Usinunue kabla mwenye kiwanja hajakubali kwa maandishi kukutambua, na jua kwamba benki haitapokea nyumba hiyo kama rehani ya ardhi. Mji wa Kale na viunga vyake angalia pia wakfu: mali ya wakfu haiuzwi kama ploti ya kawaida, hata kama msimamizi wake ameshika funguo na ana sahihi nzuri.

"Wakili wa kampuni anatutosha sote, tena ni bure"

Gharama yake imo kwenye bei, na anayemtuma ni muuzaji. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Fomu ya kampuni mara nyingi ina saini moja na mhuri, haina shahidi, na kifungu kidogo cha chini kinasema pesa hazirudishwi. Kama muuzaji ana mke au mume na nyumba ni ya familia, ridhaa ya maandishi ya mwenzake inahitajika pia, jambo ambalo wakili wa upande wa pili hana haraka ya kukukumbusha. Mpeleke wakili wako mwenyewe aisome fomu kabla hujatoa hata shilingi ya kuangalia ploti.