BEE ya Afrika Kusini: yanayosemwa na yaliyoandikwa

BEE (Black Economic Empowerment) ni mpango wa serikali ya Afrika Kusini wa kuwawezesha kiuchumi weusi waliobanwa na ubaguzi wa rangi. Kampuni inapewa alama kwa inavyowashirikisha, na alama hizo zinaipa daraja, kuanzia la kwanza, lililo la juu, hadi la nane.

Dhana: Ukiwa mweusi tu, BEE inakuhusu.

Sheria yake ya mwaka 2003, ilivyorekebishwa, haiangalii ngozi peke yake, inataka na karatasi za uraia. "Mweusi" anayetajwa humo ni Mwafrika, chotara au Mhindi aliye raia wa Afrika Kusini kwa kuzaliwa au kwa kurithi, au aliyepata tajnisi kabla ya tarehe 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Waliopata baadaye wanahesabiwa tu kama ni ubaguzi uliowazuia kupata mapema. Kwa hiyo Mtanzania aliyehamia Johannesburg mwaka 2005 akachukua uraia wa huko hahesabiwi, hata awe mweusi kama mkaa. Wachina wenyeji wa nchi hiyo, nao, waliingizwa kwenye kundi la weusi na Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2008. Ndiyo, Wachina.

Dhana: Mzungu ananyang'anywa kampuni yake.

Kwa kawaida hisa zinazokwenda kwa weusi zinanunuliwa, mara nyingi kwa mkopo unaotegemea gawio na kupanda kwa bei. Ndiyo maana mikataba mingi ya awali ilivunjika mwaka 1998 soko lilipoporomoka: hisa zikaliwa na deni. Wala duka la mtu binafsi halipigwi faini kwa kukosa alama. Kinachobana ni wateja. Kampuni kubwa inayotaka kazi za serikali ikitumia randi 100 kwa muuzaji wa daraja la kwanza, kwenye alama zake inahesabiwa imetumia 135. Kwa muuzaji wa daraja la nane, 10. Kwa asiye na daraja, sifuri. Wewe ungenunua kwa nani? Leseni za madini na mawasiliano zina masharti yake ya umiliki, na huko hiari ni ndogo.

Dhana: Tenda anapewa mweusi, ataje bei anayotaka.

Tupige hesabu. Kwa utaratibu uliotokana na sheria ya ununuzi ya mwaka 2000, tenda isiyozidi randi milioni 50 ina alama 80 za bei na 20 za upendeleo. Shule inataka kupakwa rangi. Mzabuni wa kwanza hana alama hata moja ya upendeleo, ila bei yake ndiyo ya chini kabisa: randi 1,000,000. Anapata 80. Wa pili ana 20 zote na ametaja 1,200,000. Amezidi kwa asilimia 20, basi anakatwa moja ya tano ya zile 80. Zinabaki 64, ongeza 20, jumla 84. Kazi ni yake. Angetaja 1,300,000 angepata 56 na 20, yaani 76, na kuikosa. Mlipa kodi anagharamia tofauti hiyo na ana haki ya kuhoji. Lakini tenda ya bei mara tatu haitoki kwenye hesabu hii. Huo ni wizi wa kawaida.

Dhana: Imetajirisha vigogo tu.

Hapa sibishi sana. Cyril Ramaphosa alitoka kwenye chama cha wachimba madini, akawa tajiri wa hisa, kisha rais. Lawama za namna hiyo ndizo zilizofanya sheria ya 2003 idai uwezeshaji "mpana". Wadogo nao wana mlango wao: kampuni inayomilikiwa na weusi peke yao, yenye mauzo yasiyozidi randi milioni 10 kwa mwaka, hailipii mkaguzi. Mwenyewe anaapa, hati inagongwa muhuri, daraja la kwanza mkononi.

Ujanja wa kusaka alama nao haukukosekana. Mtunza bustani anaitwa ofisini, anasaini karatasi asizozielewa, anatoka akiwa mkurugenzi na kurudi kwenye majani yake, mshahara uleule. Tangu marekebisho ya 2013 hilo ni kosa la jinai: jela hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka.