Je, wajua kwa nini modeli za zamani za ndege zina mistari iliyotuna?

Ukichukua modeli ya plastiki ya ndege iliyotengenezwa miaka ya 1950 au 1960 na kupitisha kidole juu ya bawa lake, utahisi mistari myembamba iliyotuna na safu za ribiti, yaani pini za kuunganishia bati, zilizojitokeza kama vipele. Ndege halisi haikuwa hivyo. Bawa la Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1936, lilikuwa laini, na ribiti zake nyingi zilisawazishwa na bati ili zisizuie mtiririko wa hewa. Kwa nini basi waliotengeneza modeli waliyageuza mambo?

Jibu limo katika kalibu. Plastiki aina ya polistairini huyeyushwa, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye vipande viwili vinavyofumbana, na kila kilichozama kwenye chuma hutoka kimetuna kwenye plastiki. Kwa fundi wa enzi hizo, kukwaruza mstari ndani ya kalibu ilikuwa kazi ya kupitisha ncha kali. Lakini ili plastiki itoke na mfereji, ingembidi abakize ukingo mwembamba uliosimama na kuondoa chuma chote kinachouzunguka, kazi ndefu ambayo kosa moja lingeiharibu. Akachagua njia nyepesi, na sioni sababu ya kumlaumu: kampuni ya Airfix, iliyotoa modeli yake ya kwanza ya Spitfire mwaka 1953, iliwalenga wanunuzi wa kawaida, si majumba ya makumbusho. Baadaye ilienea mbinu ya kula chuma kwa cheche za umeme, ambapo mfereji huchorwa kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme huo, elektrodi ikaacha ukingo kwenye kalibu, na ukingo ukaacha mfereji kwenye plastiki.

Hata mfereji huo, tukisema kweli, umetiwa chumvi. Katika kipimo cha 1/72, ambacho inchi moja huwakilisha futi 6, bawa la Spitfire lenye mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha hubaki sentimita 15.6 tu, na mstari wa upana wa milimita 0.2 ungekuwa zaidi ya milimita 14 kwenye ndege yenyewe.

Tabu ya mistari iliyotuna huonekana wakati wa kuunganisha. Kiwiliwili hutoka nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, na gundi yake huyeyusha kingo za plastiki mpaka zikashikana, ikiacha mshono unaopaswa kulainishwa kwa msasa. Msasa huohuo hufuta mistari yote iliyo karibu. Wajuzi hubandika utepe pande zote mbili za mshono kabla ya kuanza kusugua. Wapo wanaoparuza modeli nzima na kuchora mistari upya kwa sindano, uamuzi ambao binafsi naona unaipokonya modeli ya kale sura yake.

Rangi nayo hutaka mbinu tofauti. Rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, ambayo kwenye modeli mpya hutulia ndani ya mifereji, hapa humwagika pembeni mwa mistari. Badala yake, chovya brashi katika rangi iliyo nyepesi kidogo kuliko ile ya chini, ifute kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, kisha ipitishe kwa kukingama na mistari, nayo itashika migongo yake peke yake. Matabaka ya chini yawe membamba, kwani rangi nzito huimeza ribiti. Nembo za kubandika kwa maji huelea juu ya mistari na kufunga hewa chini yake. Zitoboe kwa sindano panapotuna, kisha pakaza dawa ya kulainisha nembo ili zilale.