Kurarua nguo, gunia na majivu kwenye Biblia: maana yake nini hasa?

Ukisoma Agano la Kale utakutana sana na watu wanararua nguo, wanavaa gunia, wanajimwagia mavumbi kichwani, wananyoa nywele, na wengi wetu tunapita haraka tu tukidhani ni drama za watu wa kale. Hapana jamani. Kila kitendo kilikuwa na ujumbe wake na aliyekiona alielewa bila kuambiwa.

Anza na nguo. Enzi zile nguo ilifumwa kwa mkono, ilikuwa mali kabisa, na ndo iliyoonyesha wewe ni nani. Kwa hiyo Yakobo alipoletewa kanzu ya mwanawe Yusufu imelowa damu (Mwanzo 37) akararua mavazi yake, pale alikuwa anaonyesha kwamba maisha yenyewe yamepasuka. Tamari naye, alipobakwa na Amnoni ndugu yake kwa baba (2 Samweli 13), alirarua lile vazi la mabinti wa mfalme, akatia majivu kichwani, akaenda zake akilia kwa sauti. Hapo hakuna aliyekufa! Na Absalomu, ndugu yake wa baba na mama, anamwambia anyamaze. Mimi naona hapa watu wanapita haraka mno, manake yule binti hakuwa na mahakama ya kwenda, baba yake Daudi alikasirika na Biblia haisemi alimfanya nini Amnoni, kwa hiyo nguo iliyoraruka na majivu ndo ulikuwa ushahidi wake mbele ya watu.

Gunia sasa. Usifikirie hili la mahindi, lilikuwa kitambaa kizito cha manyoya ya mbuzi, kinakwaruza ngozi, na lilikuwa jeusi, ndo maana Ufunuo 6:12 inasema jua likawa jeusi kama gunia. Kuna habari kwenye 2 Wafalme 6 inaniuma kila nikiisoma, mji wa Samaria umezingirwa na adui, njaa imefikia mama anamla mwanawe, mfalme anapita juu ya ukuta, anararua mavazi, na watu wanaona kumbe ndani alikuwa amevaa gunia mwilini. Alikuwa analivaa kimyakimya.

Mavumbi na majivu yanarudi Mwanzo 3:19, mtu ni mavumbi na mavumbini atarudi, yaani mwenye huzuni anajishusha chini kabisa aliko yule aliyemwondokea. Na ndo sababu ishara za msiba ndo hizo hizo za toba. Mfalme wa Ninawi (Yona 3) aliinuka kitini, akavua joho, akavaa gunia, akakaa majivuni, hadi wanyama wakaamriwa wavikwe magunia. Mfalme Ahabu wa Israeli naye, baada ya Nabothi kuuawa ili yeye achukue shamba lake (1 Wafalme 21), alivaa gunia akafunga, na Mungu akasema hataleta yale mabaya katika siku zake.

Kukaa chini pia ni ishara. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, na sisi tunaoketi mkekani msibani, tumekuja kukaa na mfiwa tu, hatuhitaji kufafanuliwa hili.

Ila sio kila kitu kiliruhusiwa. Kujichanja mwili kwa ajili ya wafu kulikatazwa wazi (Walawi 19:28, Kumbukumbu la Torati 14:1).

Sasa kuna wanaochukua Yoeli 2:13, "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu", wakasema Mungu alifuta maombolezo ya nje. Soma mstari wa 12 kwanza! Unaita watu warudi kwa kufunga, kulia na kuomboleza, na sura ya 1 imewaambia makuhani wavae gunia. Anachokataa ni nguo kuraruka wakati moyo uko mzima, na Isaya 58 inagombana na jambo hilo hilo, watu wametandika gunia na majivu huku wanawaonea vibarua wao.

Ukitaka kuona jinsi ishara hizi zilivyokuwa na nguvu angalia Ezekieli 24. Mke wa nabii Ezekieli anafariki jioni, na Mungu ameshamwambia asilie, afunge kilemba, avae viatu, asifunike midomo, yaani asionyeshe ishara yoyote ya msiba. Watu aliokuwa nao uhamishoni Babeli wakashtuka, wakamuuliza mambo haya yana maana gani kwetu. Akawaambia hekalu litatiwa unajisi na watoto wenu walioachwa Yerusalemu wataanguka kwa upanga, na nyinyi mtafanya kama nilivyofanya mimi, hamtaomboleza wala hamtalia, mtafifia tu na kuugua ninyi kwa ninyi.