Bustani Haimnyang'anyi Mtu Kiwanja

"Msiwaruhusu watu wapande kitu pale. Wakitimiza miaka 12, kiwanja ni chao." Tangu soko la Mwanjelwa hapa Mbeya liungue mwaka 2006 hadi lile la SIDO mwaka 2017, kila ikipendekezwa watu watumie kwa muda kiwanja kilichobaki kitupu, maneno ni hayo hayo, na juzi nimeyasikia tena kwenye kikao cha mtaa. Naandika ili nisiyajibu tena kwa mdomo.

Miaka 12 ni ukomo wa muda wa kudai ardhi mahakamani. Haianzi kuhesabiwa kwa sababu tu mtu ameonekana kiwanjani. Aliyeingia kwa ruhusa yako ni mwalikwa, na mahakama zetu zimeshasema mwalikwa hamnyang'anyi mwenyeji, hata akae muda gani. Wa kumwogopa ni aliyeingia bila ruhusa nawe ukanyamaza. Kwa hiyo aliyezungushia mabati akahamia Dar, magugu yakaota, ndiye anayehatarisha mali yake! Andikeni karatasi moja: nani anaingia, anafanya nini, akipewa taarifa anaondoka baada ya siku ngapi. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kodi usipokee hata elfu tano. Ukipokea, utakuwa umefungua mlango wa upangaji, na upangaji una sheria zake.

Christchurch, New Zealand, tetemeko la Februari 2011 liliua watu 185 na kuacha katikati ya mji viwanja vitupu. Kikundi cha Gap Filler kikaviomba kwa wenyewe. Mwaka 2012 waliweka sakafu ya kuchezea muziki: unatumbukiza sarafu ya dola 2 kwenye mashine kuukuu ya kufulia nguo, unachomeka simu yako, spika zinalia na taa zinawaka kwa nusu saa. Kiwanja kilipohitajika, sakafu ilihamishiwa kingine. Hakuna aliyepoteza hati.

Kwetu inaweza kuwa netiboli, meza za bao, turubai la kuonyeshea mpira. Chagueni wenyewe.

Ila mboga, tafadhali sikilizeni. Palipoungua betri, rangi na redio, madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, hubaki udongoni, na ile iliyokwisha kuingia kwenye jani haitoki kwa kuosha. Msipande chainizi moja kwa moja kwenye majivu ya soko. Jazeni magunia udongo wa kutoka kwingine, mpande humo.

Ninachokosa jibu ni biashara. Mama lishe akishapata wateja pale, karatasi inayomtaka aondoke ndani ya siku 30 ni halali, lakini inamkata riziki, na sijaona mkataba unaolitatua hilo. Ndiyo maana napendelea tuanze na michezo.

Na kule Itezi, hapa hapa Mbeya, ambako tope la Mlima Kawetere lilishuka Aprili 2024 na kufunika nyumba, simshauri mtu aweke hata bembea. Pale pandeni miti, watoto wachezee kwingine.