Pikapu za betri zenye sauti ya zamani: tazama kilele, usitazame jina

Pikapu ya betri (ya gitaa, si ya kubebea mizigo: kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) huuzwa kwa ahadi mbili: sauti ya zamani, na mvumo hakuna. Ya pili hutimia karibu siku zote. Ya kwanza inategemea mambo ambayo boksi halisemi, ndiyo maana wengi hufunga pikapu mpya, wakacharaza, wakasikia sauti safi iliyonyooka kama rula.

Tuanze na pikapu ya kawaida, isiyo na betri. Pikapu ya Stratocaster (Strat, gitaa la Fender) ya miaka ya 1950 ni waya mwembamba wa geji 42 uliozungushwa mara 8,000 hivi kuzunguka sumaku sita za alniko, aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Koili hiyo ina indaktansi (tabia ya koili kupinga umeme unaobadilika) ya henri 2.2 hivi. Kebo ya mita 5 inaleta kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya kama pikofaradi 500, na koili yenyewe inaongeza kama 100. Vitu hivyo vikikutana vinazaa resonansi: sauti inapanda kilima karibu na kHz 4.4, halafu inaporomoka kwa desibeli 12 kila oktava. Kwenye kebo ileile weka hambaka (pikapu ya koili mbili) ya zamani ya Gibson ya aina ya PAF, yenye henri 4.4 hivi, na kilele kitashuka hadi kHz 3.1. Potenshometa (vidhibiti vya volyumu na toni) nazo zina kazi yake: za kilo-omu 250 kwenye Strat na 500 kwenye hambaka hupunguza urefu wa kilima hicho. Kwa hiyo sauti ya zamani haitoki kwenye pikapu peke yake. Kebo imo ndani yake.

Pikapu ya betri inaitoa kebo kwenye hesabu. Priampu (kikuza sauti kidogo) iliyofichwa ndani yake hutoa sauti kwa impidansi (ukinzani wa umeme wa sauti) ndogo, mara nyingi kilo-omu 10. Kwa impidansi hiyo, kebo yako ya pikofaradi 500 itaanza kula sauti kwenye kHz 32, mahali ambapo sikio la mtu halifiki. Kilima, kama kipo, kimewekwa na mtengenezaji ndani ya saketi, na huwezi kukisogeza kwa kubadilisha kebo. Basi kitu cha kwanza kutafuta kwenye karatasi ya vipimo ni masafa ya resonansi. EMG, kampuni ya pikapu za betri, kwa mfano, huyachapisha.

Wapo wanaojaribu kuirudisha sauti ya zamani kwa kulehemu kapasita ya nanofaradi 3.3 kati ya njia ya sauti na ethi (waya wa ardhi). Kihesabu inakata kuanzia kHz 4.8, na kwa macho inaonekana sawa. Lakini mteremko wake ni desibeli 6 tu kwa oktava na kilima hakuna. Unachopata ni spika iliyofunikwa shuka.

Jambo la pili ni dirisha, yaani kipande cha uzi ambacho pikapu inakisikiliza. Hambaka husikiliza sehemu mbili zilizoachana kwa takriban milimita 18, na sauti za juu zinazopingana kati ya sehemu hizo hufutana palepale, kabla hazijafika kwenye priampu. Kilichofutika hakirudishwi na saketi yoyote. Ukitaka Strat, nunua pikapu yenye umbo la Strat.

Kwa Strat, EMG SA ina sumaku ya alniko na ni laini kuliko ndugu yake EMG S, ambayo ina sumaku ya kauri. SA ndizo David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, alizotumia kwenye Strat yake nyekundu, na seti ya DG20 ilitengenezwa kwa mpangilio huo. Ni nzuri, lakini kwangu sauti yake ni laini kupita kiasi. Ule mlio wa glasi wa miaka ya 1950 siusikii humo. Fluence Single Width ya kampuni ya Fishman inaukaribia zaidi. Badala ya waya uliozungushwa, koili zake zimechapishwa kwenye bodi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na kila pikapu ina sauti zaidi ya moja. Ya kwanza ndiyo ya zamani. Kwa PAF linganisha Fluence Classic Humbucker na EMG Fat 55. EMG 81 iache, hata ukipewa kwa bei ya kutupa: ni ya kauri, imetengenezwa kwa ajili ya distoshoni (sauti iliyokwaruzwa makusudi) nzito. Jua pia kwamba Fluence hula betri: mamia ya saa, wakati EMG hufika maelfu.

Unapolinganisha, rekodi bila pedali yoyote, ampu ikiwa safi, kisha sawazisha ukubwa wa sauti wa rekodi zote. Iliyo kubwa zaidi itakudanganya kila mara kuwa ndiyo bora.

Kwenye kufunga, makosa yanajirudia. Potenshometa ziwe za kilo-omu 25, na kapasita ya toni ya EMG ni mikrofaradi 0.1. Ukiacha zile za 500, kitufe cha volyumu kitafanya kazi kama swichi ya taa: kipo au hakipo. Ukichanganya pikapu ya kawaida na potenshometa za 25, hiyo ya kawaida itasikika kama imezibwa mdomo. Jeki (tundu la kuchomeka kebo) lazima iwe ya sterio, kwa sababu hasi ya betri hupitia pete yake na kuungana na ethi plagi inapoingia. Ukilala na kebo imechomekwa, betri nayo inakesha. EMG huagiza ukate waya wa ethi unaokwenda kwenye brigi, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Na pima nafasi kabla ya kununua: betri ya volti 9 ina kama milimita 48 kwa 26 kwa 17.

Ukicharaza kwa nguvu na noti zikapasuka mwanzoni, shusha pikapu kwanza, kisha badilisha betri. Anza na milimita 3 kutoka kwenye uzi uliobanwa fureti ya mwisho.

Usishangae ukishusha volyumu hadi 7 na ukali ukabaki palepale. Kwenye pikapu ya kawaida ukali hupungua pamoja na volyumu. Hapa itabidi utumie toni.

Mgogoro mkubwa ni pedali za fazi, zinazokwaruza sauti, kama Fuzz Face. Saketi yake imezoea kushikana moja kwa moja na indaktansi ya koili. Ikipewa impidansi ndogo inakuwa na kelele kali kama bati linalokwaruzwa, na kushusha volyumu hakuisafishi tena. Resista ya mfululizo inapunguza ukali, lakini hairudishi indaktansi. Dawa ni kisanduku chenye transfoma ndogo inayoigiza koili. Kikae kabla tu ya fazi, upande wa gitaa, bila bafa (kikuza kidogo kinachotenganisha saketi) yoyote katikati.