Daftari Kwanza, Hotuba Baadaye: Kumtetea Mzee na Anayemtunza

Muulize binti anayemuuguza mama yake aliyepatwa na kiharusi kama yeye ni mtunzaji wa wazee, huenda akakushangaa. "Mimi? Namwangalia mama tu." Jibu hilo ni la upendo, lakini lina hasara yake. Asiyejihesabu hahesabiwi, na bajeti zinapopangwa hakuna anayemkumbuka. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa wanawake hubeba zaidi kidogo ya robo tatu ya saa zote za kazi ya matunzo isiyolipwa, iwe ya watoto, wagonjwa au wazee.

Wanaokuja kwetu wakitaka kuwa watetezi huuliza kwanza wataongea wapi na mbele ya nani. Sisi huwarudisha nyuma kidogo na kuwapa daftari. Kwa wiki 2, mtunzaji aandike kila siku: aliamka mara ngapi usiku, dawa gani zilitolewa na saa ngapi, mzee alianguka wapi, nepi ngapi zilitumika, fedha zilitoka mfukoni mwa nani. Ni kazi ya kuchosha, na wengine huiacha siku ya tatu. Lakini anayeimaliza hurudi akiwa mtu mwingine mbele ya kikao.

Tofauti ni hii. Mtu akisema "nimechoka", wasikilizaji humwonea huruma, humpa pole, kisha kila mmoja hushika njia yake. Akisema "mzee hawezi kujigeuza kitandani, tumeelekezwa kumgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda, na kwa siku 14 sijawahi kulala saa 3 mfululizo; naomba mtu wa kunipokea zamu usiku wa Ijumaa na Jumamosi", kuna jambo la kujibiwa. Ndugu watakubali au watakataa, ila hawatajifanya hawakuelewa. Ombi liwe moja, na lipelekwe kwa mwenye uwezo wa kulitimiza. Ombi la zamu ni la ukoo, la ruhusa ya kumpeleka mzee kliniki ni la mwajiri, na la reli ya kushikilia kwenye ngazi za zahanati ni la uongozi wa zahanati na halmashauri. Kumlilia muuguzi wa zamu kuhusu sera ya pensheni ni kumwonea.

Mahali pamoja ambapo utetezi huzaa matunda haraka ni siku mzee anaporuhusiwa kutoka hospitali. Familia hukabidhiwa mgonjwa, mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi. Mtetezi huuliza kabla ya kuondoka: nani atamwonyesha mtunzaji namna ya kumnyanyua bila kuumia mgongo? Dalili zipi zikitokea arudishwe mara moja? Kisha anaomba mtunzaji afanye mwenyewe, muuguzi akimtazama. Kuambiwa tu hakutoshi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulikwepa: mzee mwenyewe ameulizwa? Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee, zilizopitishwa mwaka 1991, hazizungumzii matunzo peke yake. Zinataja pia kujitegemea, kushiriki, kujiendeleza na utu. Mzee anaweza kutaka kubaki nyumbani kwake hali watoto wanataka ahamie kwao, au akataka kushika pensheni yake mwenyewe. Hata aliyeanza kupoteza kumbukumbu mara nyingi bado anajua nani anamwogesha vizuri na nani anamharakisha. Kaa naye, mkiwa wawili tu, umsikilize kwa mwendo wake. Ukimsemea bila kumuuliza, umechukua kiti chake.

Na kuna wakati maslahi ya mzee na ya mtunzaji hugongana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili wa namna fulani katika jamii ndani ya mwaka mmoja. Anayemtesa aweza kuwa yuleyule anayemlisha. Michubuko isiyo na maelezo, fedha zinazopotea, mzee anayenyamaza kila mtu fulani akiingia chumbani: ukiona hayo, usalama wa mzee hutangulia, na taarifa hupelekwa kwa ustawi wa jamii au polisi. Uchovu huongeza hatari ya ukatili, na ndiyo sababu tunapigania mapumziko ya watunzaji mapema. Hauhalalishi kofi.

Mtunzaji wa kuajiriwa naye asisahaulike. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa majumbani unataka apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Si nchi zote zimeuridhia, lakini hakuna sheria inayoikataza familia kuufuata. Ni aibu kudai haki za baba huku anayemfulia shuka hajaona siku ya mapumziko tangu mwezi uliopita.

Kuhusu maadhimisho, yaani 15 Juni ya kupinga ukatili dhidi ya wazee na 1 Oktoba ya wazee duniani, yatumieni, ila fulana na maandamano visiwe ndiyo kazi yenyewe. Viongozi wakiwapo, wapeni ombi lenu kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Wakikataa, msiondoke hivi hivi. Ulizeni sababu, jina na cheo cha aliyeamua, ngazi inayofuata ya kukata rufaa, na siku ya kurudi. Viandikeni vyote kwenye daftari lilelile, chini ya hesabu ya nepi.