Kabla ya kugusa modeli, kamsikilize mlinzi

Jengo ni la ofisi, ghorofa tatu, upande wa Capri Point, jijini Mwanza. Lina vivuli vya madirisha, kizuizi cha joto darini na taa za LED. Modeli niliyoiunda kwa EnergyPlus, programu ya kompyuta inayokadiria matumizi ya nishati ya jengo, ilionyesha litatumia umeme kidogo sana. Mita ikasema vingine.

Mwanzoni nilipewa risiti za LUKU za mwaka mzima, nikazijumlisha mwezi kwa mwezi. Hilo halifai. Risiti inaonyesha siku uliyolipa, si siku uliyotumia: uniti zilizonunuliwa mwisho wa Machi huliwa Aprili. Na umeme wa jenereta haumo kabisa. Tukaziweka kando, tukawa tunasoma mita kila Jumatatu saa mbili asubuhi, na dizeli tunaiandika daftarini.

Pengo kati ya modeli na mita likabaki. Hapa ndipo wengi huongeza saa za viyoyozi kwenye kompyuta mpaka mistari miwili ya grafu, wa modeli na wa mita, ikutane. Mwongozo namba 14 wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, kwa takwimu za kila mwezi, unataka tofauti ya jumla kati ya modeli na mita isizidi asilimia 5, na mtawanyiko wa tofauti za mwezi kwa mwezi usizidi asilimia 15. Ukivutavuta namba mbili tatu utafika, kosa moja likilifunika jingine. Lakini siku mwenye jengo atakapouliza abadilishe nini, modeli hiyo itamtia hasara.

Nikaenda usiku na klampu ya kupimia umeme. Saa saba, ofisi zimefungwa, laini moja inavuta kwelikweli. Mlinzi akaniambia, "Mhandisi, hiyo ni pampu. Maji huku yanakuja usiku, nayapandisha kwenye tangi mpaka alfajiri." Pampu hiyo haikuwa kwenye mchoro wowote niliopewa.

Halafu upepo. Mchana unavuma kutoka ziwani, na wafanyakazi wa upande huo hufungua madirisha alasiri huku kiyoyozi kinaunguruma. Modeli yangu ilidhani yamefungwa. Nilikaa nao wiki mbili nikiandika saa za kufungua na kufunga, kisha nikabadilisha pia faili la hali ya hewa, maana lilikuwa la mwaka wa wastani, si mwaka tuliousoma kwenye mita.

Zaidi ya pampu, madirisha na hali ya hewa sikugusa kitu kingine, na mistari ikasogeleana. Aprili tu ndiyo bado. Nashuku unyevu wa masika unavibebesha viyoyozi mzigo ambao sijauhesabu. Wiki ijayo nafunga vipima unyevu ghorofa ya juu.